Kuwapeleka watoto wa sekondari kwenye bembea kubwa: maswali ninayoulizwa kila likizo hapa Dodoma

Kila ikikaribia Juni, na tena shule zinapoelekea kufunga mwisho wa mwaka, simu yangu haitulii. "Mama, zile bembea za Dubai ni shilingi ngapi?" "Dada, Kunduchi na Kigamboni wapi kuzuri?" Yote yalianza na kikoba chetu cha Ilazo. Mwaka mmoja tulipovunja, badala ya kila mtu kuondoka na chake, wanawake saba tulichanga tukawapeleka watoto Dar es Salaam wakateleze kwenye maji. Mimi nilikuwa mweka hazina, kwa hiyo nikawa mpanga safari bila kuombwa. Tumekwenda tena mara kadhaa, na familia yangu ilifika hata Abu Dhabi baada ya kudunduliza miaka mitatu. Siuzi tiketi wala sina kampuni. Nina watoto watatu wa sekondari, na daftari lenye hesabu nyingi zilizokosewa.

Tuanze na nini, nchi au bajeti?

Anza na futi ya fundi cherehani.

Sifanyi utani. Kila mchezo mkubwa wa kupanda una urefu wa chini ambao mtoto lazima awe ameufikia, mara nyingi kati ya sentimita 120 na 140, na mlangoni pana ubao wenye mstari. Mhudumu hamuulizi mtoto umri wala kidato, anamsimamisha kwenye ubao basi. Si ukorofi. Chuma kinachokaa mapajani, au kile kinachoshuka mabegani, kimetengenezwa kumshika mtu wa umbo fulani, na mwenye mwili mdogo anaweza kuchomoka. Upande wa pili nao upo: mtu mnene sana hurudishwa chuma kisipofunga, na kwenye baadhi ya miteremko ya maji utapimwa kwa mizani mbele za watu. Bora ujue mapema.

Mtoto wa dada yangu, wakati huo kidato cha kwanza, alikuwa amekariri video za mchezo mmoja kwa miezi. Tulipofika kwenye ubao alipungua kama vidole viwili. Akainua visigino. Mhudumu akamgusa begani, taratibu, akamshusha. Siku nzima iliyobaki alikaa kivulini anakula bisi, na tiketi yake ilikuwa bei ileile ya waliopanda.

Kwa hiyo: ukutani, bila viatu, kitabu bapa kichwani, alama ya penseli. Ukishapata namba zako, fungua tovuti ya kiwanja cha bembea unachokifikiria uhesabu kila mtoto ataruhusiwa michezo mingapi. Kiwanja ambacho mfupi wenu anapanda karibu kila kitu ni bora kuliko chenye jina kubwa ambacho atakwenda kubeba mikoba ya wenzake. Rudia kupima mwezi mmoja kabla ya safari. Watoto wa umri huu wanaota kama mtama wa Januari.

Mtoto wa sekondari ana tofauti gani na wa shule ya msingi? Si wote wanataka kucheza tu?

Hapana. Wa darasa la pili anataka wewe umwangalie. Wa kidato cha pili anataka kasi, anataka picha ya kuwaonyesha wenzake, na anataka wewe usionekane kwenye hiyo picha.

Hili linabadilisha uchaguzi wote. Legoland ya Dubai, kwa mfano, imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na wenyewe wanasema hivyo wazi. Mzazi anaona rangi nzuri kwenye picha, analipa, kisha kijana wa miaka 15 anamaliza eneo zima kwa saa moja na kuulizia intaneti. Kabla hujalipa, mpe kijana simu na kazi: "Nitafutie michezo mitano utakayopanda pale." Akirudi na miwili, umeokoa fedha yako. Akirudi na kumi na mabishano, hapo ndipo pa kwenda.

Hapa Dodoma kwenyewe hakuna?

Kwa bembea kubwa, hakuna. Chinangali Park panatosha jioni ya Jumamosi, mkala chipsi mkarudi nyumbani. Si likizo hiyo.

Dar es Salaam: Kunduchi au Kigamboni?

Kunduchi Wet 'n' Wild iko kaskazini mwa jiji, kando ya bahari, na kazi yake ni maji: mabwawa na miteremko mirefu. Fun City iko Kigamboni, ng'ambo ya pili kabisa, na ina maji pamoja na michezo ya nchi kavu. Kama watoto wako wote wanapenda maji, na mnataka jioni kutembea ufukweni, mimi ningesema Kunduchi. Kama mmoja hapendi kulowa, au ana masikio yanayomsumbua, Kigamboni patampa cha kufanya.

Usijaribu vyote viwili siku moja. Ramani itakudanganya, foleni za Dar haziko kwenye ramani. Fikia upande uleule mtakaochezea, ili asubuhi mwende kwa mwendo mfupi.

Na piga simu kabla ya kukata tiketi ya treni. Usiulize bei tu. Uliza wanafungua siku zipi, na uliza mteremko upi umefungwa kwa matengenezo. Swali hilo la pili watu hawaliulizi, na ndilo lililotuharibia safari ya pili: tulifika kiwanja kimoja tukakuta mteremko mkubwa kuliko yote, ule uliokuwa kwenye tangazo, umefungwa kamba. Dirishani hakuna aliyetuambia. Tuliujua mbele ya kamba.

Kwenda na kurudi siku moja kwa SGR inawezekana?

Treni ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na tangu hapo kila mtu ananiletea hesabu hii. Safari ni kama saa tatu na nusu mpaka nne, kwa hiyo kwenye karatasi inawezekana. Kwenye mwili haiwezekani. Mtaamka usiku wa manane, mtafika Dar kukiwa kumepambazuka kabisa, bado hamjafika Kunduchi, na saa mbili baadaye mama mmoja ataanza kuangalia saa. Lala usiku mmoja, ikiwezekana miwili.

Nauli iliyotangazwa treni ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, Dar hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu, chini ya 4 bure. Sasa piga hesabu ya nyumba ya watu watano ambayo watoto wote wameshavuka miaka 12: 155,000 kwenda, 310,000 kwenda na kurudi. Hakuna nusu hata moja. Angalia nauli ya siku yako kabla ya kuwatangazia watoto, na kata mapema. Wiki ya kwanza ya likizo viti huisha.

Kwani kwenye viwanja navyo watoto wa sekondari wanalipa kama watu wazima?

Karibu kila mahali, ndiyo. Disney ya Florida inamhesabu mtoto kuwa mtu mzima akifikisha miaka 10. Disneyland ya Paris ni miaka 12. Viwanja vingi vya maji havitazami umri kabisa, vinatazama urefu. Kijana wako anaweza kuwa bado anaombwa apige mswaki, lakini dirishani ni mtu mzima. Anayekuambia "watoto nusu bei", muulize: watoto wa mpaka lini?

Watoto wangu hawajui kuogelea. Niwapeleke tu kwenye viwanja vya maji?

Swali hili ndilo ninalotaka lisomwe na kila mtu wa huku, hata asiyekwenda popote.

Mtoto wa Tanga au Unguja anakutana na maji kabla hajakutana na kalamu. Wetu wamekulia kwenye vumbi la Nkuhungu na Chang'ombe. Maji mengi waliyowahi kuingia ni ya beseni. Mtoto mdogo asiyejua kuogelea yuko hatarini pia, lakini huyo unajua kumshika mkono. Tunayemsahau ni wa miaka 14. Ana mwili wa kwenda kwenye kina kirefu, ana wenzake wanaomwangalia, na yuko tayari kufa kuliko kusema mbele yao kwamba hajui. Na mtu anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Kinywa kiko usawa wa maji, pumzi ya kuita haipo, mikono inasukuma maji kwenda chini. Ukiwa pembeni utadhani anacheza.

Kwa hiyo mambo yangu ni haya. Miezi miwili kabla, tafuta hoteli hapa mjini yenye bwawa na mwalimu, uwapeleke Jumamosi asubuhi. Hawahitaji kujua mitindo. Wanahitaji kulala chali maji yawabebe, kutoa pumzi puani uso ukiwa ndani ya maji, na kufika ukingoni wenyewe. Binti yangu wa kati alikaa wiki tatu ameshika ukingo kama anashika mlingoti wa daladala. Jumamosi ya nne mwalimu akaweka kiganja kimoja chini ya mgongo wake, akakitoa bila kumwambia. Akabaki anaelea, macho yanatazama juu, mashavu yamejaa pumzi. Alipogundua kiganja hakipo alizama hapohapo, akatoka anakohoa na kucheka. Baada ya hapo kazi ilikuwa kumtoa.

Mkifika kwenye kiwanja, mteremko wenyewe kwa kawaida si tatizo, kwa sababu mingi inaishia kwenye maji ya kina kifupi na mwokoaji yuko pale. Tatizo ni bwawa la mawimbi. Linatulia kama chai kwenye kikombe, kengele inalia, mawimbi yanaanza, na aliyekuwa amesimama maji yakimfika kifuani anajikuta hana chini. Asiyejua kuogelea abaki maji yanapomfika kiunoni, na avae boya la kuvaa, akipenda asipende. Nilipowaambia wangu walilalamika wataonekana washamba. Niliwajibu kwamba sisi ni washamba kweli, tumetoka Dodoma, tuvae.

Binti yangu anajistiri. Ataruhusiwa?

Viwanja vingi, vya Dar na vya Dubai, vinakubali vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, mradi ni kitambaa cha kuogelea chenye kubana. Wanachokataa ni pamba, dera, jinzi na khanga: vinafyonza maji, vinakuwa vizito, vinanasa kwenye miteremko. Vazi hilo linunue kabla, na alijaribu nyumbani akiwa amelowa. Pini za mtandio zibaki hotelini.

Na kwa kuwa wanaoniuliza kwa sauti ya chini ni wengi: ndiyo, siku zake zinaweza kuangukia tarehe ya safari. Hesabu naye kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi, bila ndugu zake wa kiume kuwepo. Ikishindikana, chagua kiwanja chenye michezo ya nchi kavu pia, asikae juu ya taulo siku nzima akitungiwa maswali.

Nairobi je?

Inafaa kwa wanaopenda safari yenyewe. Kutoka hapa mnapita Kondoa, Babati, Arusha, mnavuka Namanga. Two Rivers, Barabara ya Limuru, pana bembea kubwa la duara na michezo mingine, na Village Market pana miteremko ya maji. Kijana wa miaka 16 aliyezoea video za Marekani ataviona vidogo. Mimi ningeichanganya na michoro ya miambani ya Kolo pale Kondoa, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006 na wengi wetu tunaipita kila siku tukienda Arusha bila kushuka.

Nimesikia Afrika Kusini hatuhitaji viza. Kuna nini?

Mtanzania mwenye pasipoti anaingia bila viza kwa matembezi ya mpaka siku 90, na hilo peke yake linaokoa fedha na presha. Johannesburg kuna Gold Reef City, kiwanja kilichojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Mmoja wa michezo yake, Tower of Terror, unakudondosha wima mpaka ndani ya shimo la mgodi. Na kuna ziara ya kushuka chini ya ardhi kuona wachimbaji walivyofanya kazi, jambo ambalo vijana wa huku waliosikia habari za machimbo tangu utotoni wanalielewa haraka. Durban kuna uShaka, maji na samaki, kando ya Bahari ya Hindi ileile ya kwetu.

Angalia majira. Juni na Julai ni baridi kali Johannesburg. Asubuhi utaona pumzi yako. Likizo ya Juni nenda Durban. Johannesburg iache ya Desemba.

Dubai au Abu Dhabi?

Watu wanasema "Dubai" wakimaanisha yote mawili. Kwa watoto wa sekondari mimi nachagua Abu Dhabi, kisiwa cha Yas, na Dubai iwe ya siku moja ya kutembea.

Sababu ni kwamba Yas viwanja vimekaa jirani. Ferrari World ilifunguliwa 2010, Yas Waterworld 2013, Warner Bros. World 2018, SeaWorld 2023, na kuna tiketi za kuunganisha zaidi ya kimoja. Dubai vimetawanyika: Wild Wadi na Aquaventure viko pwani, IMG Worlds of Adventure iko bara, na Motiongate iko mbali kwenye njia ya kwenda Abu Dhabi. Ukichukua teksi nne kwa siku, watu watano, utakumbuka bajaji za Makole kwa machozi.

Ferrari World ina rolakosta, yaani vigari vinavyokimbia kwenye reli ya kupanda na kushuka, inayoitwa Formula Rossa, kilomita 240 kwa saa, ambayo kwa miaka mingi hakuna iliyoifikia duniani. Ukipanda unapewa miwani ya kukinga macho, kwa sababu kwa kasi ile mdudu mdogo au chembe ya mchanga ni risasi. Ndani ya jengo kuna michezo ya kasi ya kati pia, kwa hiyo hata mwoga wa familia anapata kitu. Warner Bros. World ni nzuri, imepambwa kweli, ila kijana wa kidato cha nne anaweza kuiona ya kitoto kidogo.

Kuhusu Disneyland ya Abu Dhabi: ilitangazwa Mei 2025, haijafunguliwa. Anayekuuzia safari ya kwenda huko anakuuzia michoro.

Juni au Desemba?

Kwa Dubai na Abu Dhabi, Desemba ni hali ya hewa ya raha, na kila mtu duniani anajua hivyo, kwa hiyo bei ziko juu. Juni bei za hoteli zinashuka kwa sababu joto linavuka nyuzi 40. Si joto la Dodoma, la kivuli kukuponya. Pale hata kivuli kinachoma. Mkienda Juni chagua viwanja vya ndani vyenye kiyoyozi, yaani Ferrari World, Warner Bros. na IMG, na viwanja vya maji mwende mlango unapofunguliwa.

Mwenye mtoto wa kidato cha nne asiguse kitu mpaka mitihani ya Novemba iishe. Mwenye wa kidato cha pili vilevile. Ahadi ya safari kabla ya mtihani ni redio inayolia kichwani mwa mtoto.

Paris au Marekani ziko mbali kiasi gani na mfuko wa kawaida?

Mbali. Disneyland ya Paris, iliyofunguliwa 1992, inahitaji viza ya Schengen, na ada yake kwa mtu wa kuanzia miaka 12 ni ya mtu mzima, tena inabadilika kulingana na siku. Zidisha kwa watu wako kabla hujanunua hata mkate. Orlando, Florida, ndiyo makao makuu ya mambo haya: Magic Kingdom ya 1971, Universal ya 1990, na Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025. Lakini masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa sana tangu 2025, na ada ya maombi hairudishwi ukinyimwa. Nisingewaambia watoto neno mpaka viza iwe imegongwa.

Nikiwa hapohapo: ndani ya Animal Kingdom, Orlando, wamejenga kijiji cha kubuni cha Kiafrika wakakiita Harambe, chenye maandishi ya Kiswahili ukutani, na watu wanapanga foleni kupanda lori liitwalo Kilimanjaro Safaris ili waone twiga. Twiga. Mtu wa Dodoma akilipa mamilioni kwenda kuona twiga Florida, kabla hajapita Mikumi, mimi nitamsindikiza stesheni lakini nitacheka.

Nyaraka zipi zinachelewesha watu?

Cheti cha kuzaliwa. Si pasipoti, cheti. Utakuta jina la cheti ni moja, la shule jingine, na la pasipoti ya baba jingine. Anza RITA, kisha Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa kila kichwa, watoto wamo. Iwe na zaidi ya miezi sita mbele siku ya kusafiri.

Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, na nakala za vyeti vya kuzaliwa, hata kama nchi haikuandika kwamba inazidai. Afisa wa mpakani akiuliza saa nane usiku, hutaki kuanza kueleza ndoa yako.

Tumtumie wakala?

Kwa viza ya Dubai wengi hutumia wakala au shirika la ndege, na si vibaya. Ila sikiliza yaliyotupata. Wakala mmoja alitupa bei ya "kila kitu ndani". Tulipofika tukagundua kila kitu ni kuingia getini tu. Makabati ya kuhifadhia mizigo, usafiri kutoka hotelini na chakula vilikuwa nje. Watoto watano, makabati matatu, na maji ya kunywa kwa bei ya soda ya harusini. Tangu siku ile ninamwomba wakala aandike kwenye karatasi vitu ambavyo HAVIMO. Anayekataa kuandika, nimemjua. Na fedha inakwenda kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si namba ya simu ya mtu.

Niwaache watembee wenyewe ndani?

Ukiwa umewapeleka umbali wote huo kisha ukawafuata nyuma kama mgambo, ungebaki nyumbani. Wangu wanatembea wawili wawili, hakuna wa peke yake, na tunakutana saa saba mahali tulipopaonyesha kwa kidole, sio "pale kwenye mti". Simu zao ziwe na mfuko wa plastiki usioingiza maji. Kule Emirates, yaani Dubai na Abu Dhabi, kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa; ujumbe unaingia, kwa hiyo wafundishe kuandika.

Faida ya kuwaachia ni foleni. Viwanja vikubwa vingi vina foleni ya mtu mmoja mmoja, ya kujaza viti vilivyobaki wazi. Familia haiwezi kuitumia bila kutawanyika, lakini vijana hawajali kukaa na mgeni kwa dakika mbili. Siku moja wangu walipanda mchezo mmoja mara tano huku sisi wazazi tukisubiri mara ya kwanza. Tiketi za kupita haraka zipo pia, ila ni ghali. Zinunue siku ya msongamano tu.

Mmoja anaogopa, wenzake wanamcheka.

Mwonye anayecheka kabla ya safari, tena vikali. Mwoga mpe mchezo wa kati kwanza, kiti cha katikati. Viti vya nyuma ndivyo vinavyotikisa roho: kigari cha mbele kikishavuka kilele kinavuta vilivyo nyuma, kwa hiyo wa nyuma anavuka kilele akiwa tayari kwenye kasi. Na muonyeshe mapema kwamba kushuka ngazi ni ruhusa. Kunduchi nilimwona binti amefika juu, akakaa mdomoni mwa mteremko, miguu ndani ya maji, foleni yote nyuma yake. Alikaa kama dakika nzima. Kisha akasimama, akasema "samahani, naomba kupita," akashuka ngazi zote akiwapisha watu mmoja mmoja. Kwangu yeye ndiye alikuwa jasiri wa siku ile.

Kichefuchefu?

Chipsi mayai baadaye, michezo kwanza. Atazame mbele, asitazame simu. Tangawizi ya kutafuna inawasaidia baadhi yao.

Na mimi mzazi, ni lazima nipande?

Si lazima, na mwenye presha, moyo, mgongo mbovu au ujauzito asipande kabisa. Imeandikwa mlangoni na wanamaanisha.

Mimi nilipanda Formula Rossa mara moja, nikiwa nimefunga kilemba ndani ya kofia na ile miwani juu yake. Kuna kamera iliyofichwa njiani, na ukitoka picha yako inakungoja kwenye skrini mbele ya watu wasiokujua. Mume wangu alikataa kuinunua, bei ilikuwa ya kihuni. Wa pili wangu aliinunua kwa akiba yake mwenyewe, na mpaka leo hataki kuniambia ameificha wapi.